Kutuliza ekzosi yenye kelele kwenye pikipiki ya zamani, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale, yatoke Kondele au Mamboleo kule Kisumu, au Nakuru mjini. "Nimenunua Boxer iliyotumika, aliyeniuzia alikuwa ameweka ekzosi ya kelele. Nifanyeje inyamaze bila kupoteza nguvu?" "Nikiweka kipande cha chuma kwenye tundu la nyuma si itatosha?" "Pamba ya ndani inapatikana wapi?" Haya hapa majibu yake yote, kwa mpangilio ambao ningemwelekeza mtu aliyesimama kando yangu na spana mkononi.

Neno moja kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea: usianze kwa kuziba tundu la nyuma. Anza na mahali panapovuja, halafu ujazo wa ndani (ile pamba inayomeza sauti), na tundu liwe la mwisho. Ukiziba tundu ilhali gasketi ya mbele (ringi inayoziba kiungo cha ekzosi na injini) imeliwa, moshi utatokea mbele, kelele itabaki, na injini itapata joto bure. Mara nyingi ukishaziba uvujaji na kurudisha ujazo, hakuna haja ya kugusa tundu kabisa.

Mwongozo huu ni wa pikipiki za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) za viharusi vinne, yaani four-stroke, kuanzia 100cc hadi 150cc: Boxer, TVS HLX, Haojin, Skygo, hata zile Honda XL 125 za zamani ambazo maafisa wa kilimo walikuwa wakizitumia vijijini. Ukiwa na ya viharusi viwili, kama Yamaha DT au Suzuki AX100, usifuate hatua ya 8, ile ya kizibo (kibomba cha kubana tundu la nyuma). Nimeziandikia sehemu yake huko chini.

Kuhusu sheria, sina mengi. Kanuni za trafiki za Kenya zinataka chombo kiwe na sailensa inayofanya kazi, na tangu 2009 kuna kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira. Lakini mimi nakwambia uifanye kazi hii kwa ajili ya masikio yako mwenyewe. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama unapungua nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Mwendesha boda anakaa juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku. Masikio yakishakufa hayafufuki, na abiria unayempeleka hospitali ya Russia, ile ya rufaa ya Kisumu, usiku naye anastahili utulivu, pamoja na wagonjwa waliolala mle ndani.

Kabla ya kushika spana: jua una ekzosi gani

Chukua tochi, umulike kwenye tundu la nyuma injini ikiwa baridi. Utaona moja kati ya haya matatu.

Ukiona bomba lililonyooka lenye matundu madogo madogo pembeni, hiyo ni sailensa ya pamba. Moshi unapita katikati, na sauti inaingia kwenye matundu na kumezwa na pamba iliyozunguka bomba. Ekzosi nyingi za kununua dukani ni za aina hii. Pamba ikiungua au ikipeperuka, sailensa inabaki mtungi tu unaopiga mwangwi.

Ukiona bati limeziba njia na kuna kibomba kidogo kimekaa upande, hiyo ni ya vyumba. Moshi unazungushwa kutoka chumba kimoja hadi kingine mpaka mawimbi ya sauti yanapoteza nguvu. Sailensa asili za Boxer na HLX ziko hivi. Hii haina pamba ya kubadilisha. Ikipiga kelele, ama inavuja, ama bati la ndani limeoza au kuachia.

Ukiona shimo tupu jeusi mpaka mwisho, mtu ameikata na kuitoa matumbo. Hii ndiyo hali ya pikipiki nyingi zinazouzwa mkono wa pili.

Ushauri wangu kwa mwenye hali hii ya tatu: ulizia kwanza sailensa asili iliyotumika, kwa wanaouza vipuri vya pikipiki zilizovunjwa. Ukipata moja isiyo na kutu ya kutoboka, iweke na kazi yako imeisha. Waliounda injini ile waliipima pamoja na sailensa yake, na hakuna fundi wa mtaani atakayewashinda kwa grainda na mashine ya kuchomelea. Usipoipata, endelea kusoma.

Utakavyohitaji

- Spana au soketi namba 10, 12, 13 na 14.
- Mafuta ya kulegeza nati zilizoshika kutu.
- Drili yenye vyuma vya milimita 3 na 5, au fundi jirani mwenye nayo.
- Riveti za chuma cha pua za milimita 4.8 na bunduki yake. Riveti za alumini zinakuwa laini kwa joto, usizitumie.
- Brashi ya waya na msasa.
- Gasketi mpya ya ekzosi, ile ringi inayokaa kwenye silinda hedi. Hii usiibane bajeti.
- Pamba ya nyuzi za kioo isiyo na gundi wala karatasi.
- Sufu ya chuma cha pua, kiasi cha kuzunguka bomba la ndani mara moja. Ile ya kusugulia sufuria inayoshika kutu haifai kabisa.
- Glavu, miwani ya kinga, barakoa na shati la mikono mirefu.
- Simu yenye programu ya kupima desibeli.

Pamba ya nyuzi za kioo iulizie kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki kubwa, au kwa mafundi wa faibaglasi wanaotengeneza bampa na matangi. Waambie unataka nyuzi kavu ambazo hazijapakwa kemikali ya kugandisha. Zilizofumwa kwa nyuzi ndefu ni bora kuliko zile za vipande vifupi, maana vifupi hupeperushwa na moshi mapema.

Hatua

1. Pima kelele ya sasa.

Usiruke hatua hii, la sivyo mwishoni utakuwa unakisia. Simamisha pikipiki nje, mbali na ukuta. Shika simu nusu mita kutoka tundu la nyuma, upande, kwa pembe ya digrii 45, kimo sawa na tundu. Vuta mafuta hadi injini itulie kwenye mzunguko wa kati. Kipimo rasmi hufanywa kwa nusu ya mizunguko ambayo injini hutoa nguvu ya juu. Yenye kilele cha 7,500 kwa dakika hupimiwa 3,750. Kama pikipiki haina geji ya mizunguko, bandika utepe kwenye mkono wa mafuta na mwingine kando yake, ili ukipima tena uuvute hadi alama ile ile. Andika namba. Simu haitakupa namba ya kupeleka mahakamani, lakini inatosha kulinganisha kabla na baada.

Usiwashe injini ndani ya chumba au kibanda kilichofungwa, hata kwa dakika mbili. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi. Haina harufu, na inaua.

2. Tafuta panapovuja.

Injini ikiwa baridi, kagua kuanzia silinda hedi kwenda nyuma. Unatafuta masizi: mstari mweusi mkavu kuzunguka kiungo, kama mkaa uliosagwa, hapo moshi unapita. Sehemu tatu za kuangalia ni gasketi ya silinda hedi, kiungo cha bomba la mbele na sailensa, na mshono wa chini wa sailensa ambako maji hukaa na kutu kuanza.

Kisha washa injini. Kabla haijapata moto, vaa glavu, shika kitambaa kizito kilicholowa na uzibe tundu la nyuma kwa sekunde mbili tatu. Ekzosi isiyovuja itasukuma mkono wako na injini itaanza kukwama. Inayovuja itapiga mluzi au kutoa "tsh tsh tsh" mahali fulani. Kama injini inaendelea tu kuunguruma kana kwamba hujaziba kitu, uvujaji ni mkubwa.

Milio ya kupasuka unapoachilia mafuta ukiteremka mlima, mara nyingi chanzo chake ni gasketi ya mbele. Hewa safi inaingia pale, inakutana na petroli ambayo haikuungua, na inalipuka ndani ya bomba. Watu hulaumu sailensa, wakaibadilisha, na mlio ukabaki.

Ukipata uvujaji, urekebishe, kisha pima tena kabla ya kuendelea.

3. Ng'oa ekzosi.

Nati mbili za mbele zimepikwa kwa joto miaka mingi. Zimwagie mafuta ya kulegeza jioni, uziache zilale hadi asubuhi. Legeza kwanza bolti ya nyuma bila kuitoa, kisha fungua nati za mbele, kila moja robo mzunguko kwa zamu. Ikikataa, washa injini dakika tano, zima, ujaribu ikiwa na uvuguvugu. Usirefushe spana kwa bomba. Bolti ikivunjikia ndani ya silinda hedi ya alumini, kazi ya asubuhi moja inakuwa ya kushusha injini.

Ziba tundu la silinda hedi kwa kitambaa safi, mdudu au mchanga usiingie.

4. Fungua sailensa.

Kabla ya yote, kwaruza mstari mmoja unaopita kwenye kofia ya nyuma na mwili wa sailensa, ili kofia irudi ilivyokuwa. Ya riveti itoboe kwa chuma cha milimita 5, vichwa vitaruka. Iliyochomelewa ikate kwa grainda juu ya mshono wenyewe, si pembeni, ili ubaki na mdomo wa kuchomelea tena.

Ya vyumba usiifungue kama haijaoza. Ziba uvujaji, badilisha gasketi, uiache.

5. Toa uchafu wa zamani.

Pamba iliyokufa hutoka kama vumbi la kijivu au tope jeusi lenye mafuta. Toa yote, ukiwa nje na barakoa usoni, mgongo kwa upepo. Nyuzi za kioo zikiingia kwenye ngozi zinawasha siku nzima, na machoni ni hatari. Nguo ulizovaa zifue peke yake.

Sugua bomba la ndani kwa brashi ya waya mpaka kila tundu dogo lifunguke. Mengine yatahitaji msumari. Matundu yaliyozibwa na masizi hayapitishi sauti kwenda kwenye pamba, kwa hiyo pamba mpya juu yake ni pesa iliyopotea.

Usioshe kwa petroli. Mvuke wake hujificha kwenye mikunjo, na ukipeleka sailensa kwa mchomeleaji inaweza kulipuka usoni mwake. Maji moto na sabuni, kisha ianikwe juani hadi ikauke kabisa.

6. Tengeneza bomba la ndani, kama halipo.

Hii ni ya wale wenye mtungi mtupu. Unahitaji bomba lenye matundu, upana wake wa ndani usiwe mdogo kuliko bomba linaloingia kwenye sailensa. Matundu ya milimita 3, kitovu hadi kitovu milimita 5, kwa safu zinazopishana, yatakupa karibu theluthi moja ya uso ulio wazi. Kiasi hicho ni kizuri.

Kutoboa matundu hayo yote kwa drili ni kazi ya kukata tamaa. Njia ya haraka ni kutafuta bati ambalo tayari lina matundu. Chekeche za kinu cha kusagia lishe ya mifugo ni bati nene la chuma lenye matundu ya mviringo yaliyopangwa vizuri, na kinu kikibadilisha chekeche, ile ya zamani hutupwa au kuuzwa kama chuma chakavu. Chekeche ya unga wa ugali matundu yake ni madogo mno, yataziba kwa masizi. Chagua kipande ambacho hakijalika, kikunje juu ya bomba la maji la upana unaofaa, uchomelee mshono wake wote.

Usitumie bati la mabati. Zinki iliyopakwa juu yake ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana. Kama mwili wa sailensa umepakwa kromu, mwambie mchomeleaji aikwangue pale atakapochoma, na afanye kazi hiyo kwenye upepo. Wala msichomelee kitu chochote kikiwa bado kimefungwa kwenye pikipiki, karibu na tangi na betri.

7. Jaza pamba.

Kiasi ndicho wengi wanachouliza. Kadiria gramu 100 hadi 150 kwa kila lita ya nafasi. Mfano: sailensa yenye upana wa ndani wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 30 ina nafasi ya takriban lita 2.4. Toa bomba la ndani la sentimita 4, ambalo linachukua karibu lita 0.4, unabaki na lita 2. Basi pamba ni gramu 200 hadi 300. Pima kwa mizani ya duka la jirani.

Zungushia sufu ya chuma cha pua kwenye bomba la ndani mara moja. Hii ndiyo ngao inayozuia moshi moto kula nyuzi za kioo. Kisha viringisha pamba ya kioo juu yake kwa mkazo wa wastani hadi unene ulingane na mwili wa sailensa. Ifunge kwa uzi wa pamba ili isifunguke ukiisukuma. Uzi utaungua wenyewe baadaye. Sukuma ndani kwa mikono miwili huku ukizungusha upande ambao umeviringishia. Ikiingia bila upinzani, ni kidogo, na itapeperuka. Ikigoma mpaka ufikirie nyundo, ni nyingi mno. Iliyoshindiliwa sana haimezi sauti, inakuwa kama ukuta.

Vitu vya kutojazia ninavyovikuta ndani ya sailensa: vipande vya gunia, godoro, nguo kuukuu, pamba ya kuzuia joto la nyumba yenye karatasi na gundi. Vyote vinaungua. Na kamba nyeupe za zamani zilizotolewa kwenye boila usiziguse, huenda ni asbesto, na vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

8. Kizibo cha ndani, ikiwa bado kinahitajika.

Ningekuomba urudishe ekzosi kwanza (hatua ya 9 na 10), usikilize, upime. Ukiridhika, hatua hii iruke. Kama bado ni kali, tengeneza kizibo cha kutoa na kurudisha.

Chukua bomba la chuma lenye upana wa ndani wa milimita 22, urefu wa sentimita 10 hadi 12. Mimi sishuki chini ya 18 kwa injini ya 100cc, wala chini ya 20 kwa 150cc. Ziba ncha moja kwa kipande cha bati. Hiyo ndiyo itakayoingia ndani ya sailensa. Ncha iliyo wazi ichomelee kwenye pete inayoenea sawasawa kwenye tundu la nyuma. Sasa toboa matundu pembeni mwa bomba. Moshi utaingia kwa matundu hayo na kutoka kwa ncha iliyo wazi.

Hesabu ya matundu ni hii. Bomba la milimita 22 lina uwazi wa takriban milimita za mraba 380. Tundu la milimita 5 lina karibu 20. Matundu 20 yanalingana na bomba lenyewe, lakini masizi yataziba mengine na kingo zake hukwamisha moshi, kwa hiyo toboa 30. Yapange kwa safu zinazopishana na ulainishe kingo kwa msasa.

Kizibo kikae kwa bolti ya milimita 6 inayopita kwenye mwili wa sailensa, yenye washa ya kubana, halafu ufunge waya kwenye kichwa chake. Usitegemee mkazo peke yake. Kizibo kilicholegea hutoka kwa nguvu, na nyuma yako kuna mtu. Mara ya kwanza unapowasha, hakikisha hakuna aliyesimama nyuma ya pikipiki.

9. Funga na rudisha.

Rudisha kofia kwa kufuata mstari uliokwaruza. Paka silikoni ya joto kali kidogo kwenye mdomo, weka riveti. Kama sailensa ina kitundu kidogo chini, usikizibe, ni cha kutolea maji. Ukikiziba, kutu itaila kutoka ndani.

Weka gasketi mpya kwenye silinda hedi. Silikoni si mbadala wake, itaungua siku ile ile. Shikiza nati na bolti zote kwa vidole kwanza, ekzosi ijikalie bila kulazimishwa. Kisha kaza nati za mbele kwa zamu, kidogo kidogo, na bolti ya nyuma iwe ya mwisho. Ukianza na ya nyuma, bomba litakuwa limevutwa pembeni, na mtikisiko utalipasua shingoni.

10. Washa, sikiliza, panda mlima.

Moshi mwepesi na harufu kwa dakika kumi za kwanza ni kawaida, ni uzi na mafuta yaliyobaki. Zima, acha ipoe, kaza nati tena. Pima desibeli kwa alama zile zile za utepe. Tofauti ya 3 utaihisi kidogo tu. Tofauti ya 10 sikio linaisikia kama sauti imepungua nusu.

Halafu ipeleke mlimani na abiria mmoja. Ukiwa Kisumu, mpando wa Riat kwenye barabara ya Kakamega unatosha kabisa. Ukiwa Nakuru, panda kuelekea Menengai. Ikipanda kwa gia ile ile uliyozoea, uko sawa.

Mwisho toa plagi uitazame. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa, jambo la kawaida ukiwa umebana ekzosi ambayo kabureta yake ilirekebishwa kwa bomba wazi. Rudisha jeti kuu ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) ya namba asili ya pikipiki hiyo. Nyeupe maana yake petroli ni kidogo, injini inaungua, usiiendeshe hivyo.

Kumbuka urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kisumu iko karibu mita 1,130, Nakuru karibu 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kabureta iliyowekwa sawa Kisumu itakuwa na petroli nyingi kidogo ukifika Nakuru. Plagi ikionekana nyeusi baada ya kuhama mji, usikimbilie kufungua sailensa.

Kwa wenye viharusi viwili

Ekzosi ya DT au AX100 ina tumbo lililopimwa ili kurudisha mawimbi ya moshi kwenye silinda kwa wakati wake. Kibomba chembamba cha mwisho nacho kimepimwa. Ukikibana zaidi, joto linabaki ndani, na pistoni inaweza kushikana na silinda ukiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo usiweke kizibo. Kazi yako ni mbili tu: safisha masizi yenye mafuta yaliyoganda ndani, na badilisha pamba kwenye kile kisailensa kidogo cha mwisho kama kinafunguka. Pamba yake huloa mafuta mapema, tarajia kuibadilisha mara nyingi zaidi. Punguza pia mafuta unayochanganya kama unazidisha. Fuata kipimo cha aliyeitengeneza.

Ikikataa

Imepoteza nguvu kwenye mwendo wa juu, lakini mwendo wa chini iko sawa. Kizibo kimebana. Kitoe, jaribu bila hicho. Nguvu ikirudi, ongeza matundu kumi au tumia bomba pana zaidi.

Imepoteza nguvu kila mahali. Angalia kama pamba imesukumwa ikaziba njia, au bati la ndani limeachia. Itikise ikiwa baridi. Kitu kikigonga ndani, fungua.

Bado inapasuka ukiachilia mafuta. Rudi kwenye gasketi ya mbele. Kama haivuji, skrubu ya hewa ya kabureta inahitaji kurekebishwa, au kabureta inavuta hewa kupitia mpira uliopasuka kati yake na injini.

Kelele imepungua lakini kuna mtetemo wa chuma kwenye mzunguko mmoja tu. Huo si mlio wa moshi. Shika ngao ya joto, mpira wa bolti ya nyuma, na kibano cha kiungo, kimoja kimoja kwa kipande cha mbao injini ikiwa inanguruma. Ukikandamiza kilicholegea, mlio unakatika. Mpira wa bolti ya nyuma ukiwa umekufa, ubadilishe, kwa maana fremu nzima inageuka spika.

Pamba inatoka nje kama nywele. Sufu ya chuma haikuzunguka vizuri, au matundu ya bomba la ndani ni makubwa mno. Fungua upange upya mapema, kabla haijaisha yote.

Bomba la mbele linakuwa jekundu gizani. Zima mara moja. Ama petroli ni kidogo, ama moto wa plagi umechelewa, ama njia imezibwa. Usiendelee kuendesha ukitafuta jibu njiani.

Moshi wa bluu unaendelea baada ya siku mbili. Hiyo si sailensa tena, ni ringi za pistoni au sili za valvu. Mafuta hayo yataloesha pamba mpya na kuiua, kwa hiyo tengeneza injini kwanza, ndipo urudi kujaza sailensa.